Mwanao Akialikwa Safari ya Mtumbwi Porini: Uliza Kabla ya Kutia Saini

Uandikishaji wa kambi za kiangazi huko Marekani na Kanada huanza theluji ikiwa bado imelala nje. Ndipo wazazi wanaozungumza Kiswahili, wa Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, wanapoanza kutuuliza sisi tunaofundisha usalama wa majini, na maswali yao yanafanana. Mtoto wa miaka 13 ameleta fomu kutoka shuleni au YMCA (chama cha Kikristo cha vijana). Fomu inasema kwamba baada ya siku chache kambini, watoto watapanda mitumbwi waingie porini kwa siku tano, pengine kumi. Huko hakuna barabara, simu haishiki, na wanaowaongoza ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Mama anauliza, "Mwalimu, hawa watu wana akili kweli?"

Wana akili, mama. Na bado swali lako ni la haki. Sisi tumekua na habari za MV Bukoba iliyozama mwaka 1996 na MV Nyerere iliyozama mwaka 2018, zote Ziwa Victoria, mamia ya watu wakafa maji. Wapo miongoni mwetu waliovuka Ziwa Tanganyika usiku wakikimbia vita. Hofu ya mzazi kama huyo ina sababu zake. Ombi langu ni moja: hofu hiyo iulize maswali kwanza, isikimbilie kukataa, kwa sababu safari hizi zikiandaliwa vizuri ni malezi ambayo ni vigumu kuyapata mahali pengine.

Tuanze na huko wanakokwenda. Watoto wa kambi za jimbo la Minnesota, Marekani, wengi hupelekwa Boundary Waters, kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Ni eneo la ekari zaidi ya milioni moja, lenye maziwa zaidi ya 1,000 na njia za mitumbwi zinazozidi kilomita 1,900. Linalindwa na Sheria ya Nyika ya mwaka 1964, na mwaka 1978 likatungiwa sheria yake lenyewe. Sehemu kubwa ya maziwa hayo injini haziruhusiwi. Kikundi hakizidi watu 9 na mitumbwi 4, na chakula cha makopo au chupa za glasi haviingii. Ng'ambo ya mpaka kuna hifadhi ya Quetico, na mashariki zaidi, katika jimbo la Ontario, kuna Temagami na Algonquin, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1893. Kambi zenyewe si za juzi. Menogyn ya YMCA ilianza mwaka 1922, na Widjiwagan, ya YMCA pia, mwaka 1929. Wapo watoto wanaokwenda leo ambao bibi zao walipita njia zilezile.

Kabla ya kambi zote hizo, maji haya yalikuwa barabara za Waanishinaabe, ambao wengine huwaita Waojibwe, na bado wapo. Mtumbwi wao haukuwa gogo lililochongwa. Waliambua gome la mti wa birchi kwa vipande vikubwa, wakalikunja kuwa umbo la mtumbwi, wakalishona kwa mizizi, wakalikaza kwa mbavu za mwerezi na kuziba mishono kwa utomvu uliopikwa. Matokeo yake ni chombo chepesi ambacho mtu anaweza kukibeba kichwa chini, akavuka nacho nchi kavu mpaka ziwa linalofuata. Umbo la mitumbwi ya kambi, hata ile ya alumini, limetoka kwao. Katika mkataba wa mwaka 1854 walibaki na haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Kambi inayowafundisha watoto kupiga kafi bila kuwaambia wanapita katika nchi ya nani imefundisha nusu tu ya somo.

Kule kubeba ndiko kunakowashangaza wazazi kuliko kitu kingine. Kati ya ziwa na ziwa kuna njia ya msituni yenye mawe, mizizi na tope, na urefu wake hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni kama mita 5, karibu sawa na urefu wa mtumbwi wenyewe, na rodi 320 ni maili moja. Mtumbwi wa kevla (nyuzi nyepesi zilizo imara) una kilo kama 20, wa alumini unapita 30. Hakuna anayemwambia mtoto aunyanyue peke yake. Mwenzake anainua omo, yaani mbele ya mtumbwi, juu ya kichwa huku tezi, sehemu ya nyuma, ikiwa bado chini, mbebaji anaingia katikati, anarudi nyuma hatua moja moja mpaka nira, ule ubao uliokingama katikati ya mtumbwi, ikae mabegani, anapima uzito ulivyogawanyika, kisha anasema "sawa" na mwenzake anaachia. Sasa anaona hatua chache tu za njia mbele yake. Mikono imeshika kingo, na mbu wanajua kabisa kwamba haina nafasi ya kuwapiga. (Mbu wa huko hawaambukizi malaria. Wasiwasi wenu uwekeni kwa kupe, wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme; kila jioni watoto wakaguliwe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele.)

Mtoto akifika upande wa pili na kuutua mtumbwi majini, amefanya kazi ambayo kikundi kizima kilimtegemea aifanye. Katika watu tisa hakuna wa kuhudumiwa tu. Mmoja anakusanya kuni, mwingine anachuja maji, mwingine anakoroga wali usiungue. Nimeona watoto wetu wengi ambao darasani hukaa kimya wakihofia lafudhi zao. Kwenye njia ya kubebea mtumbwi hakuna anayeuliza lafudhi, na kufikia siku ya tatu wao ndio wanaoelekeza wenzao.

Sasa hatari, na hapa nitakaa zaidi.

Mwaka 2017 kijana wa miaka 15 kutoka Toronto alikufa maji katika hifadhi ya Algonquin, akiwa kwenye safari ya mitumbwi ya shule. Alikuwa ameingia kuogelea bila jaketi okozi. Uchunguzi wa bodi ya shule ulionyesha kwamba alikuwa hajafaulu mtihani wa kuogelea uliotakiwa kabla ya safari, na kwamba wanafunzi 15 kati ya 32 waliokwenda nao walikuwa hawajafaulu. Baada ya hapo bodi ilibadilisha utaratibu, na moja ya mabadiliko ni kwamba mzazi lazima aambiwe matokeo ya mwanawe. Someni tena hapo. Mtihani ulikuwepo, watoto waliufanya, na majibu hayakumzuia mtu yeyote kuondoka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kambi yoyote ni hili: mtihani wa kuogelea unafanyika lini, nani anayaona matokeo, na mtoto asipofaulu kinafuata nini? Jibu zuri lina hatua zake: mtoto huyu atavaa jaketi hata wakati wa kuogelea, au ataongezewa mafunzo, au atapangiwa safari nyingine. Ukijibiwa "usijali, tuna waokoaji", endelea kuuliza.

Methali ya mfa maji na kutapatapa kwake imetuponza katika jambo hili. Tunatarajia anayezama apige kelele na kurusha mikono. Mara nyingi sivyo. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji kwa pembeni, macho hayaangalii kitu, na ndani ya sekunde 20 hadi 60 ametoweka chini. Mtu mzima aliyekaa hatua chache tu kutoka hapo anaweza asijue. Ndiyo maana kambi makini huwapanga watoto wawili wawili wakati wa kuogelea na kuwahesabu kila baada ya dakika chache, tena kwa sauti.

Kwa Marekani kuna takwimu ambayo kila mzazi Mweusi anapaswa kuijua. Kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinaeleza kwamba watoto Weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 ya wenzao Wazungu. Maumbile hayana kosa hapa. Kwa miongo mingi mabwawa ya umma yalifungwa kwa Weusi, na ambaye hakufundishwa hakuweza kumfundisha mwanawe. Familia zetu zilizofika juzi zimeingia katika pengo hilohilo kwa mlango mwingine.

Halafu kuna baridi. Maziwa ya kaskazini mwa Minnesota huachwa na barafu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo mwezi Juni jua linaweza kuwaka huku maji yakiwa bado ya kuuma mifupa. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyechunguza mwili wa binadamu ndani ya maji baridi sana, ametoa kanuni rahisi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa kushuka joto la mwili. Jaketi linakufikisha kwenye saa ile, maana bila jaketi wengi hufia katika dakika zile za mwanzo. Lakini jaketi peke yake halitoshi. Juni 1978, katika Ziwa Timiskaming mpakani mwa Ontario na Quebec, kikundi cha wavulana wa shule moja kilikuwa kikivuka maji mapana kwenye upepo. Mtumbwi mmoja ulipinduka, na katika kuokoana mingine ikafuata. Wavulana 12 na mwalimu mmoja walikufa, wengi kwa baridi. Kwa hiyo muulize kiongozi wa kambi: watoto wanavuka katikati ya ziwa, au wanafuata ukingo? Upepo ukizidi, wana siku ya akiba ya kukaa hemani? Safari iliyopangwa bila siku ya akiba humsukuma kijana mwongozaji aingie majini siku ambayo hakupaswa.

Uliza pia kama watoto wanafanya zoezi la kupinduka kabla ya kuondoka kambini. Zoezi lenyewe huwa hivi. Wawili wanaupindua mtumbwi makusudi, wakiwa na nguo na jaketi lililofungwa vifungo vyote. Wanaibuka, wanaitana majina, kila mmoja anashika chombo, wala hakuna anayeogelea kuelekea ukingoni, kwa sababu mtumbwi uliojaa maji bado unaelea. Mtumbwi wa pili unasogea, unaivuta omo ya ule uliopinduka na kuupitisha chini juu kwenye kingo zake mpaka maji yote yamwagike, unaugeuza, unaurudisha ziwani na kuushikilia ubavu kwa ubavu. Walioangukia majini wanapanda mmoja mmoja kwa kujirusha tumbo. Mtoto aliyefanya hivyo mara mbili kwenye maji tulivu hataganda akili siku ya kweli.

Radi inashughulikiwa kwa kanuni moja: ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, wote watoke majini, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Waongozaji wawe na mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini, yale ya siku nyingi, na kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada. Ithibati ya Jumuiya ya Kambi ya Marekani, au kwa Ontario ile ya Jumuiya ya Kambi za Ontario, ni dalili njema, ila haiondoi maswali haya. Dubu weusi wapo, na wao wanafuata chakula: kinawekwa kwenye pipa ambalo dubu hawezi kulifungua au kutundikwa karibu mita 4 juu ya ardhi na mita 2 kutoka kwenye shina. Hata biskuti moja isilale hemani.

Kuna mambo ya nyumbani kwetu ambayo fomu haiyaulizi vizuri, na wazazi huyanyamazia wakihofia mtoto atakataliwa. Selimundu ndilo la kwanza. Maji baridi, kiu na kazi nzito vinaweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, na porini hospitali iko mbali. Usiufiche. Nenda na daktari wake kwenye mazungumzo na kambi. Zipo safari fupi, karibu na barabara, ambazo anaweza kuzifanya. Mtoto wa pumu abebe dawa yake mwilini, na mwongozaji abebe ya akiba. Chakula halali kinawezekana kabisa, mradi kambi ijue mapema, kwa sababu chakula hufungashwa siku nyingi kabla. Binti anayevaa hijabu avae ya kitambaa kinachokauka haraka, isiyo na ncha ndefu za kunasa. Na ada isikukatishe tamaa: kambi nyingi, zikiwemo za YMCA, zina ruzuku, na fungu hilo huwahiwa.

Masomo ya kuogelea yaanze sasa, kwenye bwawa la ndani, kukiwa bado baridi. Lengo lenye maana ni lile la Chama cha Uokoaji cha Kanada: mtoto aweze kubiringika na kuingia maji marefu, kuelea wima dakika 1, kisha kuogelea mita 50. Mtindo wowote unafaa. Baba au mama ambaye hajui kuogelea naye anaweza kujiandikisha. Madarasa ya watu wazima yapo, na yapo ya wanawake peke yao.

Fomu ina mstari unaouliza uwezo wa mtoto wa kuogelea. Wazazi wengi huandika "wastani" wakidhani wanamsaidia. Kama hajui, andika hajui, kisha piga simu kambini uhakikishe kwamba aliyeisoma ni mwongozaji atakayekaa naye kwenye mtumbwi mmoja.