Kabla hujachonga meno ili yawe meupe, tujue kwanza yamechakaa kwa sababu gani

Habari zenu wasomaji. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, kazi yangu ya kila siku ni kwenye kitengo cha kurekebisha meno, na leo naomba tuongee taratibu kuhusu meno yaliyobadilika rangi na meno yaliyolika, maana hili jambo watu wanalibeba kimya kimya sana. Kuna watu wazima wana kazi zao na heshima zao lakini wakicheka lazima mkono uende mdomoni, wengine kwenye picha hawafungui midomo kabisa miaka na miaka, alafu akifika kwetu anaanza kwa kuomba samahani, "dokta najua huu ni urembo tu ila...". Usiombe samahani. Mtu anayeogopa kucheka mbele za watu ana shida ya kweli, na kwa sehemu kubwa inatibika.

Ila swali langu la kwanza kwako halitakuwa unataka weupe kiasi gani. Nitakuuliza hilo jino limefikaje hapo, na nitakuuliza mpaka uchoke, kwa sababu jino likirekebishwa bila kujua kilichoharibu, kile kile kitarudi kuharibu na kazi mpya pia.

Tuanze na jino lenyewe. Nje kuna tabaka linaitwa enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, lakini enameli ikishaondoka haioti tena, kwa sababu seli zilizoitengeneza zinakufa jino linapochomoza. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano. Sasa hapa naomba uelewe vizuri kwa sababu watu wengi wanaumizwa na kutokujua hili: njano nyingine sio uchafu, ni dentini inaonekana kwa ndani kwa vile enameli imekuwa nyembamba. Mtu anaiona hiyo njano anadhani hajapiga mswaki vizuri, anaongeza nguvu, ananunua unga wa mkaa, anasugua na limau na magadi, kumbe kila siku anapunguza kile kidogo kilichobaki, njano inazidi, na yeye anazidi kusugua. Nimewaona wengi wa hivyo na inaniuma kila mara kwa sababu alikuwa anajitahidi.

Meno yanalika kwa njia kubwa tatu na mara nyingi zinakuwa zimechanganyika kwa mtu mmoja. Kuna asidi, kuna jino kusagana na jino, na kuna kusuguliwa na kitu kingine kama mswaki mgumu. Kwenye asidi, enameli inaanza kuyeyuka hali ya kinywa ikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), na soda, vinywaji vya kuongeza nguvu na juisi za ndimu na malimau zote ziko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo mtu anayekunywa kidogo kidogo kutwa nzima meno yake hayapumziki. Na kuna asidi inayotoka tumboni. Mtu mwenye kiungulia cha muda mrefu au anayetapika mara kwa mara, meno ya mbele ya juu yanalika upande wa nyuma, upande ambao yeye mwenyewe hauoni kwenye kioo, sasa unakuta daktari wa meno ndo wa kwanza kugundua kwamba tumbo lina shida. Ukitapika usikimbilie mswaki, suuza na maji kwanza usubiri kama saa moja, maana enameli iliyotoka kulowa asidi ni laini na mswaki unaibeba. Wanaosaga meno usiku wenyewe tunawajua kwa meno yaliyokuwa bapa kama yamepigwa msasa, na taya inayouma asubuhi.

Rangi nayo ina sehemu mbili. Kuna ya juu juu, ya chai, kahawa, tumbaku, na hata ile dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukiitumia wiki nyingi inaacha rangi ya kahawia. Hii inatoka. Alafu kuna rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Jino lililowahi kugongwa likafa mshipa wake linageuka kijivu taratibu, pengine miaka baada ya ajali. Dawa za jamii ya tetrasaiklini akitumia mama mjamzito au mtoto chini ya miaka 8 zinaweza kuacha mistari ya kijivu au kahawia kwenye meno yanayotengenezwa muda huo. Na kuna madini ya floraidi yakizidi kwenye maji ya kunywa. Hii ina historia yake, mwaka 1901 daktari wa meno anaitwa Frederick McKay alifika Colorado Springs kule Marekani akakuta watu wana meno ya kahawia na hakuna anayejua kwa nini, ilichukua mpaka 1931 ndo mkemia H. V. Churchill akapima maji akakuta floraidi nyingi. Leo Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ninachotaka ushike hapo ni kwamba floraidi inaharibu rangi wakati jino linatengenezwa, yaani utotoni. Kwa hiyo wewe mtu mzima mwenye meno ya kahawia ya tangu udogo, haikuwa uchafu wako wala uzembe wa mama yako, na kupiga mswaki mara tano kwa siku hakutabadilisha kitu.

Sasa matibabu. Msimamo wangu nausema wazi: tunaanza na kile kisichogusa jino, tukikosa ndo tunapanda ngazi moja. Ngazi ya kwanza ni kusafishwa tu, kuondoa ukoga na ule ugaga mgumu, na kung'arisha na krimu. Kuna watu walikuja wameshajiandaa kwa gharama kubwa wakasafishwa wakajitazama kwenye kioo wakasema dokta inatosha.

Inayofuata ni kung'arisha kwa peroksaidi, dawa inayofifisha rangi ya jino lenyewe. Mwaka 1989 Haywood na Heymann waliandika kuhusu treya laini inayotengenezwa kwa vipimo vya meno yako, unaweka jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10 unalala nayo, na mpaka leo mimi naiamini kuliko kung'arisha kwa taa kwa saa moja kwenye kiti. Hiyo asilimia 10 ikivunjika inatoa kama asilimia 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi, ni pole pole, wiki mbili tatu hivi, meno ya tetrasaiklini yanaweza kuchukua miezi. Meno kushtuka na kuuma kwenye baridi ni kawaida siku hizo na huwa inaisha. Ila mambo mawili watu hawaambiwi. Moja, jeli haibadilishi rangi ya kijazio wala krauni (ile kofia ya kufunika jino lote) uliyonayo, utang'arisha meno yako alafu kile kijazio cha mbele kibaki peke yake na rangi ya zamani. Pili, ukimaliza subiri kama wiki mbili kabla ya kubandikiwa kitu chochote, kwa sababu oksijeni iliyobaki kwenye jino inazuia gundi kushika. Kule Umoja wa Ulaya sheria inataka bidhaa zenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 zianzie kwa daktari wa meno na zisitumike kwa walio chini ya miaka 18, hivyo jeli ya nguvu unayouziwa na mtu asiyejulikana bila hata kukuchungulia mdomoni, iache. Jino likiwa limetoboka peroksaidi inaingia mpaka kwenye mshipa.

Madoa ya floraidi yaliyo juu juu tunaweza kuyapunguza kwa kusugua kitaalamu na asidi maalumu na unga laini, inatoka enameli kidogo sana, na yale meupe meupe kuna utomvu mwepesi unaopenya kwenye doa ukaliziba lifanane na jino. Mara nyingi tunachanganya hizo na kung'arisha. Haya ya ndani sana hayatoki yote, nakuambia mapema.

Kwa meno yaliyolika ndo hapa nina mengi ya kusema. Mwaka 1955 Michael Buonocore aligundua kwamba ukipaka enameli asidi ya fosforiki kwa muda mfupi unatengeneza vitundu vidogo visivyoonekana, na plastiki inaingia humo inashika. Jambo hilo lilibadilisha kazi yetu nzima kwa sababu kabla ya hapo ili kitu kishike lazima uchonge jino. Siku hizi jino lililolika tunaliongezea kompoziti, yaani plastiki maalumu yenye rangi ya jino, tunarudisha pale palipopungua, tukamaliza pengine bila hata sindano ya ganzi. Ni jino limepungua, kwa nini ulipunguze tena ili ulitengeneze?

Shida ni nafasi, kwa sababu meno yanapolika yale ya upande wa pili yanasogea kuyafuata, ukitaka kuongeza unakuta hamna pa kuweka. Hapa tunatumia njia ya Dahl, daktari wa Norway, ya tangu 1975. Unayajenga meno ya mbele yawe marefu, mgonjwa akifunga mdomo meno ya nyuma hayagusani, na anaondoka hivyo hivyo. Wagonjwa huwa wanashtuka, mwingine anapiga simu kesho yake anasema dokta umenikosea. Hatujakosea, ndani ya miezi kadhaa meno yanajipanga na ya nyuma yanakutana tena. Kula kunasumbua wiki za mwanzo, huo ndo ukweli.

Kompoziti inameguka na inashika rangi, baada ya miaka itahitaji kung'arishwa au kuzibwa, lakini inazibwa kwenye kiti mara moja na jino lako chini yake bado zima. Vinia za kauri, yaani maganda yanayobandikwa mbele ya jino, ni nzuri zaidi kwa rangi, nyembamba tu kama milimita 0.3 mpaka 0.7, lakini mara nyingi enameli kidogo inachongwa, na hiyo hairudi, ni kazi utakayoibadilisha tena na tena maisha yako yote. Krauni ndo nzito kabisa, krauni kamili inaweza kuondoa karibu theluthi mbili ya jino lililo juu ya ufizi. Krauni ina kazi yake kwa jino lililobomoka. Kinachonisikitisha ni vijana wa miaka ishirini na kitu, meno mazima yenye njano kidogo, wamechongwa mpaka yamebaki vijiti, wakaambiwa wamewekewa vinia. Mmoja alikuja kwetu mishipa ya meno manne imekufa, tukaanza kutibu mizizi ya meno ambayo hayakuwahi kuwa na ugonjwa wowote, na alikuwa analia kwenye kiti, na mimi sikuwa na cha kumrudishia.

Kwa hiyo kabla hujakubali kuchongwa, uliza kitachongwa kiasi gani, na uliza mnabaki kwenye enameli au mnafika kwenye dentini. Omba kuonyeshwa mfano, tunaweza kuweka umbo jipya la muda juu ya meno yako bila kuchonga, ujitazame, uongee, ucheke, upige picha. Na kwenye rangi usichague ile ya karatasi. Kipimo cha rangi cha VITA kina rangi 16, meno ya asili yako humo, na chonge siku zote ni jeusi kidogo kuliko wenzake, yakifanana yote kabisa mtu akikutazama anaona meno haoni uso.

Mwisho wa kazi kwa anayesaga meno tunamtengenezea plastiki ngumu ya kuvaa usiku, na wengi wanaiacha kwenye droo. Ivae. Ukiona imepata mikwaruzo, imelika, hata imetoboka, usiitupe na usione aibu, njoo nayo tutengeneze nyingine, maana tundu hilo lilikuwa liwe kwenye jino lako.