BOD: kipimo cha oksijeni ambayo majitaka yanaudai mto

Mahitaji ya oksijeni ya kibayokemia, ambayo katika ripoti za mitambo ya majitaka huandikwa kwa kifupi BOD, ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia wanapoozesha uchafu uliotokana na viumbe ndani ya maji. Kipimo hiki hakihesabu uchafu wenyewe, bali oksijeni ambayo uchafu huo utaunyang'anya mto, na ndiyo maana kina thamani, kwa kuwa samaki wengi wanaokufa chini ya bomba la majitaka huuawa na ukosefu wa hewa.

Upimaji wake ni wa subira. Chupa ya mililita 300 hujazwa pomoni bila kubakiza hata kiputo kimoja cha hewa, oksijeni iliyoyeyuka hupimwa, kisha chupa hukaa siku 5 katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, gizani ili mwani usitengeneze oksijeni mpya, na kupimwa tena. Majitaka ghafi yangemaliza oksijeni yote kabla ya siku hizo kwisha, kwa hiyo huzimuliwa kwanza. Tuseme mililita 6 za majitaka zimeongezewa maji safi hadi kufika 300, yaani zimezimuliwa mara 50, na oksijeni ikashuka kutoka miligramu 8.5 kwa lita hadi 4.3. Tofauti ya 4.2 ikizidishwa kwa 50 inatoa BOD ya miligramu 210 kwa lita, kiasi kisicho cha ajabu kwa majitaka ya majumbani, ilhali maji safi ya mto katika joto hilohilo hubeba takribani miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita.

Kazi kubwa ya mtambo, uwe wa mashine za kupuliza hewa au wa mabwawa ya wazi yanayoufaa mji mdogo, ni kuwaacha bakteria wamalize mlo huo ndani ya uzio badala ya mtoni. Wamalize kwa kiasi gani? Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu majitaka ilipendekeza mwaka 1912 kikomo cha BOD ya miligramu 20 kwa lita, namba ambayo bado inanukuliwa, lakini sharti lililofungamana nayo husahaulika: mto uwe na maji safi angalau mara 8 ya yale yanayomwagwa. Hesabu yake ni nyepesi. Sehemu 8 za mto wenye BOD ya 2 zikichanganyika na sehemu 1 yenye BOD ya 20, mchanganyiko unakuwa na 4, mzigo ambao mto unaweza kuuhimili. Kiangazi kikiupunguza mto hadi ulingane na maji ya mtambo, mchanganyiko unapanda hadi 11, ingawa mtambo haujakosea lolote. Kwa maoni yangu, kibali kinachotaja namba ya mtambo bila kutaja wingi wa maji ya mto kimeandikwa nusu.

Jambo jingine huwachanganya wengi: oksijeni haifikii kiwango chake cha chini kabisa palepale bomba linapomwagia. Bakteria huhitaji muda, hivyo sehemu mbaya zaidi huweza kuwa kilomita kadhaa chini, mahali ambapo ulaji wa oksijeni unalingana na ile inayoingia kutoka hewani; baada ya hapo mto huanza kupata nafuu. Watafiti Streeter na Phelps waliueleza mwendo huo kwa milinganyo mwaka 1925, baada ya utafiti katika mto Ohio, Marekani.

BOD haisemi lolote kuhusu vimelea vya magonjwa, fosforasi wala metali nzito, na majibu yake huja maji yaliyopimwa yakiwa yamekwisha kwenda. Kwa hiyo mpimaji makini huchukua pia oksijeni ya mto wenyewe, katika vituo kadhaa chini ya bomba, na huifuata kabla ya mapambazuko, kwa sababu mwani unaoongeza oksijeni mchana huitumia usiku kucha. Kipimo cha saa nane mchana huweza kuupamba mto ambao alfajiri ulikuwa hoi.