Tusi la refa huishia mguuni mwa mtoto

Mwezi uliopita nilisimama nyuma ya goli katika uwanja mmoja wa shule hapa Kigoma mjini, nikimtazama binti wa miaka 18 akichezesha mechi ya watoto chini ya miaka 15. Kazi yangu ni kufundisha waamuzi chipukizi. Siku hiyo nilikuwa na daftari la kumpa alama: anakimbilia wapi, anasimama wapi, ishara zake zinaeleweka au la. Hadi dakika ya 20 nilikuwa sijaandika kasoro yoyote ya maana.

Beki wa kushoto akarusha mpira mrefu kwa mikono kutoka pembeni. Ukawapita wote, ukamkuta mshambuliaji yuko peke yake na kipa, akafunga. Binti akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja: goli. Upande wa pili ukalipuka. "Kaotea! Kaotea huyo! Refa huoni?" Mzazi mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake mtaani, akavuka mstari mpaka ndani na kumnyooshea kidole. "Mpira umeujulia wapi wewe? Rudi jikoni kwa mama yako!" Waliokuwa nyuma yake wakaongeza mengine ambayo sitayaandika hapa, ingawa binti mwenyewe baadaye nilimtaka ayaandike yote, neno kwa neno. Nitaeleza kwa nini.

Goli lilikuwa halali. Sheria ya 11 inasema mchezaji akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au golikiki, hakuna kosa la kuotea. Uwanja mzima ulikuwa umekosea, na mtu mmoja aliyekuwa sahihi ndiye aliyetukanwa.

Lakini lililonifanya nikae niandike si goli. Kama dakika nne baadaye, winga namba 7 wa timu ya wale wazazi waliokuwa wakipiga kelele aliuchukua mpira pembeni na kumpita mtu mmoja. Wa pili akamkata kifundo cha mguu kwa nyuma. Refa alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, filimbi mdomoni. Hakupuliza. Mtoto alilala chini, akainuka, akaendelea kucheza akichechemea hadi mapumziko. Mimi nilikuwa namtazama refa machoni wakati ule. Macho yake hayakuwa kwenye mpira. Yalikuwa kwa wale watu wa pembeni.

Wakati wa mapumziko nilimwuliza, "Ile rafu uliiona?"

"Niliiona, mwalimu."

"Mbona hukupuliza?"

Akakaa kimya kidogo. "Niliwaza nikipuliza watasema nimeshaogopa, sasa nawapendelea wao. Nilipomaliza kuwaza, mpira ulishakwenda."

Nimefundisha waamuzi kwa miaka mingi na sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo ya kile tusi linachokifanya. Watu hudhani ukimpigia refa kelele utamvuta upande wako. Wakati mwingine kweli anavutika. Lakini kwa refa mchanga mara nyingi hutokea jambo jingine: akili yake inagawanyika. Uamuzi wa rafu unataka umtazame anayecheza mpira, umtazame anayemfuata, uone mguu umegusa nini kwanza, na uamue kabla hujavuta pumzi ya pili. Kichwa cha mtu hakina nafasi ya kufanya hayo yote huku kikipima watu wa pembeni watasema nini. Kinachoanguka kwanza ni ile rafu ndogo ya kifundo cha mguu, na aliyeachwa bila ulinzi ni mtoto wa yule yule aliyekuwa akitukana.

Katika viwanja vya watoto, filimbi ndiyo ulinzi pekee uliopo. Mji wetu umeshaona mpira mkubwa. Tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Uwanja wa Lake Tanganyika. Siku kama hiyo refa ana uzio, ana polisi, ana wasaidizi wawili na mwamuzi wa akiba, na wote ni watu wazima waliokwisha komaa. Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa vumbi Gungu au Katubuka, mstari ni majivu au chokaa, na mshika kibendera wa miaka 17 anakimbia huku mashabiki wakimpumulia kisogoni. Refa wa kati walau anaweza kukimbilia mbali na kelele. Kibendera hana pa kwenda. Ndiyo maana katika kundi langu wanaoacha kazi mapema zaidi ni washika vibendera.

Hapa Kigoma, ukikemea jambo hili utajibiwa: "Mwalimu, ule ni utani tu." Jibu hilo nalichukulia kwa uzito, maana mpira wetu bila utani hauna ladha, na mimi mwenyewe nimetaniwa sana tangu nikiwa kijana. Ila utani una masharti yake, na kila aliyelelewa nao anayajua. Mtani wako ni mtu anayeweza kukujibu. Unamrushia neno, anakurudishia kali zaidi, mnacheka. Refa hana ruhusa ya kujibu. Akirudisha neno moja tu, tunamwandikia barua. Kumrushia maneno mtu aliyezibwa mdomo na kazi yake, tena mdogo kwa umri kuliko mwanao wa kwanza, hakuwezi kuitwa utani hata kama waliosimama karibu wanacheka.

Sheria inasemaje? Iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mchezaji akipinga uamuzi kwa maneno au vitendo, ni kadi ya njano. Akitumia lugha ya matusi au ya kudhalilisha, ni nyekundu moja kwa moja. Hakuna haja ya kumwonya kwanza. Tangu Juni 2019 kadi hizo hizo zinawahusu pia walio kwenye benchi la ufundi, yaani kocha, msaidizi wake, meneja, hata daktari. Na kuna kipengele ambacho makocha wetu wengi wanakisikia kwangu kwa mara ya kwanza: tusi likitoka kwenye benchi na refa akashindwa kumtambua aliyelitoa, kadi anapewa kocha mkuu aliyepo kwenye eneo la ufundi. Nikishawaeleza hilo kabla ya mechi, naona makocha wanaanza kuwanyamazisha watu wao wenyewe.

Tatizo ni mzazi. Huyo hana kadi. Refa hawezi kumtoa mtazamaji kwa mkono wake, na huwa nawakataza kabisa vijana wangu kumfuata mtu pembeni ya uwanja kubishana naye. Alichopewa na Sheria ya 5 ni uwezo wa kusimamisha mchezo, kuuahirisha kwa muda, au kuuvunja pale watu wa nje wanapouingilia. Basi ninawafundisha hivi: simamisha mpira, waite manahodha na makocha wote wawili katikati, sema kwa sauti ya kawaida kwamba mechi haiendelei mpaka yule bwana arudi nyuma ya mstari. Kisha nyamaza, subiri. Ukimya huo wa dakika mbili ni mgumu sana kwa kijana. Tunaufanyia mazoezi kabisa: mmoja anasimama katikati na filimbi, wenzake wanazunguka wakimzomea, na yeye hatakiwi kufanya chochote.

Kitu kingine ni ripoti. Vijana wetu wamelelewa vizuri, na malezi hayo yanawaponza hapa. Mtu ametukanwa matusi ya nguoni mbele ya watu mia, akienda kuandika anaandika, "Kocha alitoa lugha isiyofaa." Anaona aibu kuliandika tusi lenyewe, hasa akijua litasomwa na wazee wa kamati. Kesi inafika mezani, kocha anasema, "Nilimwambia tu aongeze umakini," na kamati haina cha kushika. Ripoti bila maneno haina nguvu. Ndiyo maana nilimwambia binti yule aandike kila neno kama lilivyosemwa, nani alisema, dakika ya ngapi, alikuwa amesimama wapi. Alilia kidogo alipofika kwenye sentensi ya tatu. Nilimwachia muda, akamaliza. Ile aibu haikuwa yake.

Nchi nyingine zimechelewa kujifunza na zimelipa. Desemba 2012 kule Almere, Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen, mzazi aliyejitolea kushika kibendera kwenye mechi ya mwanawe, alipigwa mateke na wachezaji vijana baada ya filimbi ya mwisho. Alifariki siku iliyofuata. Mwaka 2013 vijana sita walitiwa hatiani, na pamoja nao baba wa mmoja wao. Kila nikisoma habari ile nasimama kwenye neno hilo, baba. England walikwenda njia ya adhabu ya papo hapo: kuanzia msimu wa 2019/20, mchezaji wa ligi za chini anayempinga refa anatolewa nje kwa dakika 10, kisha anarudi. Walipoijaribu kwanza katika ligi 31, upinzani kwa marefa ulipungua kwa asilimia 38. Na kwenye Euro 2024, UEFA, yaani shirikisho la soka la Ulaya, waliagiza nahodha peke yake ndiye azungumze na refa.

Hili la nahodha ndilo nimelichukua kwa mikono miwili, kwa sababu halina gharama. Kwenye mechi zetu za chini ya miaka 13 tumelitumia tangu mwanzo wa msimu. Mwenye kitambaa anakuja, mikono nyuma, anauliza, anajibiwa, anaondoka. Watoto walilishika ndani ya wiki mbili. Mtoto wa miaka 12 anaweza kumwuliza refa, "Samahani, ile ilikuwa nini?" akapata jibu na kurudi kuwaeleza wenzake. Wapo wazazi waliojifunza sheria ya mpira wa kurusha kutoka kwa wana wao kwa njia hiyo.

Kwa upande wa watazamaji tumeazima kamba kwa wavuvi wa Kibirizi, tunaifunga kwenye vigingi hatua tatu nyuma ya mstari. Kila timu inatoa mzazi mmoja avae kizibao cha mazoezi asimame mbele ya kamba, na refa akisimamisha mchezo, huyo ndiye anayekwenda kuongea na mwenzake. Mzazi huongea na mzazi. Kijana wa miaka 18 kumwambia baba wa mtu arudi nyuma ni mzigo ambao hatukupaswa kumtwika tangu mwanzo. Kamba haimzuii mtu aliyekwisha kasirika, inarukika. Lakini hatua tatu zinamfanya kibendera asikie mpira tena, na anayetaka kuingia uwanjani anaonekana na kila mtu kwamba ameamua kuingia.

Binti yule alikaa wiki mbili bila kuja mazoezini. Sikumpigia simu; nilimtuma mwenzake ampelekee filimbi yake aliyoisahau. Alhamisi alirudi, akaniamkia, akakaa mstari wa nyuma, na tulipofanya zoezi la kuzomewa akaomba awe wa kwanza kusimama katikati.

Jumamosi hii anachezesha mechi ya pili, saa nne asubuhi. Namba 7 atakuwepo, mguu umepona. Nimemwambia binti kwamba mimi sitasimama nyuma ya goli safari hii, nitakaa ng'ambo kabisa chini ya mwembe, kwa sababu akianza kunitafuta mimi kwa macho hatauona mpira.