Pleti namba za mbwa na paka Marekani: ada yako inafika wapi?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye gari anaweza kuacha pleti namba ya kawaida akaomba yenye picha ya mbwa au paka. Hulipa ada ya ziada kila anapohuisha usajili, na sehemu ya ada hiyo huenda kugharimia kuhasi madume na kufunga kizazi majike. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Houston, Dallas au Los Angeles hukutana na chaguo hili wanaposajili gari. Kabla ya kulipa, inafaa kujua sheria iliyoanzisha pleti hiyo inaipitisha wapi fedha yako, kwa sababu majimbo hayafanani hata kidogo.

Texas ni rahisi kuifuatilia. Pleti yao iitwayo Animal Friendly ni dola 30 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Kati ya hizo, dola 22 huingia kwenye mfuko unaosimamiwa na idara ya afya ya jimbo. Anayetaka kujichagulia herufi huongeza dola 40, na nyongeza hiyo haiendi kwa wanyama. Ushauri wetu ni kuchukua namba za kawaida zinazofuatana, na kama una dola 40 za kutoa, zipeleke mwenyewe kwenye kliniki ya kuhasi iliyo karibu nawe.

Idara yenyewe haimfanyii mnyama upasuaji. Hutoa ruzuku, na sheria imetaja wanaostahili kuiomba: vituo vya wanyama waliotelekezwa, vya umma na vya binafsi, mashirika ya hisani ambayo kazi yake kuu ni kutunza wanyama, na vyama vya madaktari wa mifugo visivyo vya faida vyenye mpango wa kuhasi wanyama wa wananchi. Hao ndio hupunguza bei kwa mwenye mnyama. Ukipiga simu kwenye idara kuomba punguzo utaelekezwa kwingine, basi anza na kliniki.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme ruzuku inalipia dola 66 kwa paka jike mmoja. Huu ni mfano tu, si bei ya kliniki yoyote. Pleti moja itahitaji miaka 3 kufikisha kiasi hicho. Pleti 1,000 zitaleta dola 22,000 kwa mwaka, yaani paka 333. Kwa hiyo mfuko unabebwa na wanaohuisha mwaka hadi mwaka. Wanaonunua kwa shauku ya uzinduzi kisha wakarudi kwenye pleti ya kawaida huuacha na pengo.

Kwa nini fedha zielekezwe kwenye kuzuia uzazi, wakati vituo vimejaa wanyama wanaohitaji chakula na dawa? Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, hubeba takriban siku 63 hadi 65, na anaweza kuingia joto tena, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa bado ananyonyesha. Mfuko wa chakula ukiisha, unanunua mwingine kesho. Upasuaji mmoja unazuia uzao wa maisha yote ya mnyama huyo. Ila wakati una uzito wake: joto la paka huongozwa na urefu wa mchana, hivyo watoto wengi huzaliwa kuanzia majira ya kuchipua. Ruzuku inayotoka katikati ya kiangazi inakuta vituo vimeshafurika. Anayesimamia mfuko wa aina hii angepanga kliniki zipate fedha mapema, zifanye upasuaji mwingi Januari na Februari.

Kuna tatizo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Texas haitumii fedha ya umma, hata iliyo kwenye mfuko maalumu, mpaka bunge la jimbo liiidhinishe katika bajeti, na bajeti hiyo hupitishwa kila baada ya miaka 2. Mfuko unaweza kuwa na akiba ilhali kliniki zinasubiri. Wenye uchungu na jambo hili wasiishie kununua pleti. Wamwandikie mbunge wao msimu wa bajeti.

Virginia ina kizingiti cha namna yake. Ada ni dola 25, na dola 15 hugawiwa kwa wanyama, lakini ni baada ya pleti 1,000 za kwanza. Kinachopatikana hurudishwa kwenye mji au kaunti gari liliposajiliwa, kwa ajili ya kuhasi mbwa na paka wa hapo. Uzuri wake ni kwamba unaona matunda nyumbani kwako. Ubaya ni kwamba kaunti yenye magari machache hupata fedha isiyotosha hata siku moja ya kliniki.

California inafundisha zaidi. Kule pleti maalumu lazima idhaminiwe na taasisi ya serikali, na wadhamini wakusanye maombi 7,500 yaliyolipiwa ndani ya miezi 12, muda unaoweza kuongezwa. Pleti ya wapenda wanyama ilidhaminiwa na bodi inayosajili madaktari wa mifugo. Kutoa leseni ni kazi moja, kugawa ruzuku ni kazi nyingine kabisa, na sheria ya mwaka 2017 ikauhamishia mpango huo kwenye idara ya chakula na kilimo. Yeyote anayeandika muswada wa namna hii aanze kwa kuuliza: nani atapokea maombi ya ruzuku, atayapima kwa vigezo gani, na atalipa lini?

Florida imekaza masharti zaidi tangu mwaka 2020. Pleti mpya inahitaji vocha 3,000, yaani malipo ya awali ya wanaoitaka, ziuzwe ndani ya miezi 24 kabla haijatengenezwa, idadi ya pleti maalumu ina kikomo, na ambayo idadi ya wanaoitumia inashuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa miezi 12 mfululizo huondolewa. Ni masharti magumu kwa vikundi vidogo, lakini yana sababu: kila muundo mpya una gharama ya kuuchapa na kuutunza, na polisi wanapaswa kuutambua wakiwa barabarani.

Wala hakuna haki ya kudai pleti. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Texas, iliamua kwamba maneno ya kwenye pleti maalumu ni kauli ya serikali, hivyo jimbo linaweza kukataa muundo lisioutaka.

Kwa aliye Texas, maombi hupelekwa ofisi ya kodi ya kaunti anakoishi, au mtandaoni. Pleti maalumu ni ya mwenye gari, si ya gari: ukiliuza, ifungue kwanza, kisha uombe kuihamishia kwenye gari jingine. Na ukimchukua mbwa au paka mzima ambaye kituo hakijamhasi, utatia saini mkataba wa kumhasi ndani ya siku 30. Weka miadi siku hiyohiyo, kwa kuwa kliniki za bei nafuu huwa na foleni ndefu.