Je, wajua? Wachezaji wa Merce Cunningham hawakufuata muziki. Sasa waliendaje pamoja?

Kwa Kiswahili, neno ngoma ni chombo na ni mchezo pia. Ndiyo maana inashangaza kusikia kwamba Wamarekani wawili, Merce Cunningham mbunifu wa dansi na John Cage mtunzi wa muziki, walitunga kila mtu kivyake, na kazi zao mara nyingi zikakutana kwa mara ya kwanza usiku wa onesho. Wengi hujijibu haraka: basi wachezaji walikuwa wanabuni hatua papo hapo.

Sivyo kabisa. Kosa hili limetokana na habari za sarafu. Katika dansi yake Suite by Chance (1953), Cunningham aliandaa majedwali ya miondoko, muda na mahali pa kusimama, kisha akarusha sarafu ili zimwamulie. Lakini bahati ilifanya kazi yake mezani, kabla ya mazoezi. Hatua zilipomfikia mchezaji zilikuwa zimeshafungwa: mguu upi, unatazama wapi, hesabu ngapi. Hata Split Sides (2003), ambapo dadu lilirushwa hadharani, lilichoamua dadu ni kipi kitangulie tu: dansi mbili, muziki wa bendi mbili, Radiohead na Sigur Rós, mandhari mbili, mavazi ya aina mbili, taa za aina mbili. Hiyo ni michanganyiko 32, na hakuna hata mmoja unaobadilisha hatua. Kazi chache, kama Story (1963), ziliwapa wachezaji nafasi ya kuchagua, ila hizo ni za pembeni.

Mwaka 1944, walipofanya onesho lao la pamoja New York, wawili hao bado walikuwa wanagawana muda kwa mafungu, dansi na muziki vikikutana pale fungu moja linapoungana na jingine. Baadaye maungio hayo nayo yakaachwa. Makubaliano yakabaki kwenye urefu wa kazi.

Sasa ni kitu gani kilichowashikanisha wachezaji? Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mchi huu ukipanda, ule unashuka, na hakuna anayewapigia ngoma. Kila mmoja ana mwendo wake mkononi, na kwa pembe ya jicho anauona mchi wa mwenzake. Jirani akifungulia redio, taarabu itajaa uani, lakini michi haitaifuata. Ndivyo kundi la Cunningham lilivyofanya kazi. Mazoezi yalikuwa ya kimya, wachezaji wakihesabu hadi kasi ya kila kifungu ikakaa mwilini, naye akiwapima kwa saa ya sekunde. Bega la mwenzako likigeuka, au mguu wake ukigusa sakafu, umeshajua ni zamu yako.

Redio hiyo, hata hivyo, ina mtego wake. Muziki wenye mdundo thabiti huvuta mguu: mchezaji anaanza kuufuata bila kujijua, anamwacha mwenzake nusu hatua, na anayesubiri kudakwa hewani hakuti mikono. Dawa ni kurudi kwenye hesabu yako na kumtazama mwenzako. Kelele nzito zisizo na mdundo huziba masikio tu, haziibi mwendo.

Wachoraji nao waliingia kwa utaratibu huohuo wa kila mtu kivyake. Katika RainForest (1968), mwanamuziki David Tudor alileta sauti za kielektroniki, mchoraji Jasper Johns akayakata mavazi ya rangi ya ngozi kwa wembe yakabaki matundumatundu, na mchoraji Andy Warhol akatoa mito kama ya kulalia, ya rangi ya fedha, iliyojazwa heli, gesi nyepesi kuliko hewa. Mto wenye heli kidogo hulala sakafuni, ukijazwa sana hupaa juu ya taa. Unaotakiwa ni ule unaoelea usawa wa watu. Nao hauna hesabu. Upepo wa mwili unaopita unatosha kuupeleka kwenye njia ya mchezaji mwingine, na huyo anausukuma kwa bega au kwa paja, yeye akiwa bado kwenye tano, sita, saba.