Ujumbe Unaokwenda kwa Watu Wote: Kazi ya Msimamizi wa Anwani ya Kundi

Katika taasisi nyingi ipo anwani moja ya barua pepe ambayo ujumbe ukitumwa kwake huwafikia watu wote kwa mara moja: watumishi wote wa chuo, wauguzi wote wa hospitali, au wanachama wote wa chama cha akiba na mikopo. Nyuma ya anwani hiyo yupo mtu ambaye wengi hawamfahamu, aliyepewa mamlaka ya kuamua ni ujumbe upi upite, upi urudishwe kwa mwandishi wake na upi utupwe. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika kitengo cha TEHAMA, na nimeona kwamba wengi wanaokabidhiwa hupewa nenosiri tu, bila kuelezwa mamlaka yao yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Programu zinazoendesha anwani za namna hii, kama vile Mailman, huupokea ujumbe, hulinganisha anwani ya mtumaji na orodha ya wanachama, kisha huupitisha moja kwa moja au huuweka kwenye foleni mpaka msimamizi auone. Akishauona, anaweza kuuachilia, kuukataa kwa kumweleza mwandishi sababu, au kuutupa bila yeyote kuarifiwa. Kukataa na kutupa huonekana kama jambo moja kwa msimamizi mwenye haraka, lakini kwa aliyeandika tofauti yake ni kubwa. Anayekataliwa hujua kilichotokea na anaweza kurekebisha. Ambaye ujumbe wake umetupwa hubaki akisubiri, kisha huanza kushuku kwamba amenyamazishwa. Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba ujumbe wa mwanachama halisi, hata uwe na kasoro kiasi gani, usitupwe kamwe.

Barua taka, yaani matangazo na ulaghai unaotumwa kwa wingi bila kuombwa, ni habari nyingine. Mwezi Mei mwaka 1978, mfanyabiashara Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital alituma tangazo la bidhaa kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, na watu wakalalamika. Yeye aliandika kwa jina lake mwenyewe. Watumaji wa leo hughushi anwani ya mtu mwingine, kwa hiyo msimamizi anayewajibu, au anayeruhusu mfumo uwajibu wenyewe kwamba “ujumbe wako unasubiri kukaguliwa”, humpelekea jibu hilo mtu asiyehusika kabisa, na seva ya taasisi, yaani kompyuta inayotuma barua zake, inaweza kuhesabiwa miongoni mwa watuma barua taka. Ujumbe wa aina hiyo utupwe kimya kimya, na viungo vilivyomo visifunguliwe hata kwa udadisi.

Hatari zaidi ni ujumbe ulioghushiwa kwa jina la mtu wa ndani. Ujumbe unaoonekana kutoka kwa mhasibu, ukiwaagiza watumishi wote kujaza upya namba zao za akaunti za benki kupitia kiungo fulani, utaaminiwa haraka kwa sababu umepitia anwani rasmi, na msimamizi aliyeuachilia atakuwa ameupa mhuri wa taasisi. Jina linaloonekana juu ya barua si ushahidi wa kutosha. Jambo lolote linalogusa fedha au nenosiri lithibitishwe kwa kumpigia simu mhusika kwa namba ambayo ofisi inayo tayari. Namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe wenyewe isitumike.

Ukiondoa udanganyifu, maswali yanayobaki ni kama ujumbe unawahusu watu wote na kama unafichua siri ya mtu. Hili la pili sasa lina nguvu ya sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Jedwali la alama za wanafunzi lenye majina, au cheti cha daktari kilichoambatishwa kwa bahati mbaya kwenye ombi la ruhusa, havistahili kufika kwenye vikasha vya mamia ya watu, hata kama aliyevituma hakukusudia ubaya wowote. Msimamizi avirudishe na kumweleza mwandishi sababu kwa upole, kwa kuwa mara nyingi mwenyewe hajui alichokiambatisha.

Swali ambalo msimamizi hana haki ya kujiuliza ni kama anakubaliana na mwandishi. Mtumishi anayelalamikia ucheleweshaji wa posho kwa lugha ya staha amelitumia kundi ipasavyo, na kumzuia ili kuwafurahisha wakubwa ni kuigeuza kazi ya kulinda kundi kuwa kazi ya kulificha ukweli. Matusi na tuhuma dhidi ya mtu aliyetajwa kwa jina zirudishwe, lakini mwandishi ndiye abadilishe maneno yake. Msimamizi akifuta sentensi moja na kuacha nyingine, atakuwa ametuma kwa jina la mtu maneno ambayo mtu huyo hakuyaandika.

Kuchelewesha nako ni uamuzi, ingawa wengi hawauhesabu. Ijumaa moja jioni, mwenzetu aliyeajiriwa wiki ileile alituma tanzia ya mama yake. Nilikuwa nimeuagiza mfumo uzuie ujumbe wa kwanza wa kila mwanachama mpya, agizo ambalo hadi leo naliona ni la busara, lakini sikuwa nimepanga nani angeitazama foleni mwisho wa juma. Niliuona ujumbe ule Jumatatu asubuhi. Marehemu alikuwa amezikwa Jumamosi, na mwenzetu alikuwa ameona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyefika msibani. Nilikwenda nyumbani kwake kumweleza. Tangu hapo kila anwani tunayoiendesha ina wasimamizi wasiopungua wawili wanaopokea taarifa kwa simu, na foleni hufunguliwa asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo.

Upo pia wakati wa kufunga mlango wote. Tarehe 14 Novemba 2016, katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ujumbe wa majaribio uliokusudiwa watu wachache ulifika kwenye akaunti zaidi ya 800,000. Waliokerwa walibonyeza “jibu wote” wakiomba waondolewe, wengine wakajibu wakiwasihi wenzao waache kujibu, na kila jibu lilizaliwa upya mara laki kadhaa hadi mfumo ukazidiwa. Mailman ina swichi ya dharura inayozuia kila ujumbe mpaka msimamizi aupitishe, na msimamizi anapaswa kuijua ilipo kabla ya kuihitaji. Kinga iliyo bora zaidi ni kupanga tangu mwanzo kwamba jibu la mwanachama limwendee mwandishi peke yake, isipokuwa atake mwenyewe kuwajibu wote.

Mwisho, msimamizi asidhani kwamba ujumbe aliouachilia umefika. Mwezi Aprili mwaka 2014 Yahoo ilianza kuzitaka seva nyingine zikatae ujumbe wowote wenye anwani ya Yahoo ambao haukuthibitika kutoka kwake, na barua halali zilizopitia anwani za makundi zikaanza kurudishwa, kwa kuwa seva ya kundi ndiyo iliyokuwa ikizituma. Baadhi ya mifumo ilihesabu makosa hayo dhidi ya wapokeaji na kuwaondoa kwenye makundi yao bila wao kujua. Programu zilizosasishwa zinaweza kuweka anwani ya kundi mahali pa mtumaji na kulihifadhi jina la mwandishi kando yake. Kwa hiyo mwanachama akisema hapati barua, msimamizi atazame kwanza mpangilio huo pamoja na kumbukumbu za barua zilizorudishwa, kabla ya kumwambia akatafute kwenye kikasha cha barua taka.