ERP ni nini? Daftari moja kwa kampuni nzima

Chukua kiwanda cha mikate cha ukubwa wa kati. Saa nne asubuhi ya Jumatatu mteja wa jumla anapiga simu: anataka mikate 3,000 Ijumaa asubuhi. Afisa mauzo anamuuliza mtunza stoo kama unga upo. Mtunza stoo anafungua kauntabuku lake, anashuka na kidole hadi mstari wa mwisho, anajibu kwamba ipo mifuko 15. Mhasibu anashangaa, maana faili lake la Excel linaonyesha mifuko 22. Saba imekwenda wapi? Haijaenda popote. Ankara ya msambazaji ilifika mezani kwake Ijumaa, lakini mzigo wenyewe bado uko njiani. Na hakuna aliyewaambia watu wa mauzo kwamba kati ya ile mifuko 15, minne imeshatengwa kwa oda ya shule.

Hakuna mwongo hapo. Kila mmoja yuko sahihi kwa daftari lake. Shida ni kwamba madaftari ni matatu. ERP ni jibu la shida hiyo na, ukiondoa mapambo ya wauzaji, si zaidi sana ya hapo: ni mfumo wa kompyuta ambamo mauzo, stoo, manunuzi, uzalishaji, uhasibu na rasilimali watu wanaandika na kusoma kwenye hifadhidata moja. Jambo linaandikwa mara moja, na mtu aliye karibu nalo, na kila anayehusika analiona hapo hapo.

Herufi hizo ni za Kiingereza, Enterprise Resource Planning. Kwa Kiswahili tungesema upangaji wa rasilimali za kampuni. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Anayelisikia mara ya kwanza hudhani ni chombo cha kuandalia mipango ya mwaka au bajeti, na simlaumu. Neno "upangaji" limebaki humo kwa kurithiwa. Mwaka 1964 mhandisi Joseph Orlicky alibuni njia ya kukokotoa mahitaji ya malighafi kiwandani, iliyokuja kujulikana kama MRP, na kampuni ya zana ya Black & Decker ikawa ya kwanza kuitumia. Hesabu yake unaweza kuifanya hata kwenye ile oda ya mikate. Tuseme mkate mmoja unakula gramu 400 za unga. Mikate 3,000 itakula kilo 1,200, yaani mifuko 24 ya kilo 50. Stoo ipo 15, toa minne ya shule, inabaki 11. Ongeza saba iliyo njiani, unapata 18. Pungufu ni sita. Mikate itaokwa Alhamisi usiku, na msambazaji huchukua siku mbili kuleta mzigo, kwa hiyo oda ya mifuko sita lazima itoke Jumanne, la sivyo Ijumaa mteja atapewa maneno badala ya mikate. Fanya hivyo kwa hamira, sukari, mafuta na mifuko ya kufungia, kwa bidhaa 40 na oda 200, utaona kwa nini kazi hii walipewa kompyuta.

Miaka ya 1980 hesabu hiyo ilipanuliwa ikaingiza mashine, wafanyakazi na fedha, na mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaipa jina la ERP kwa sababu ilikuwa imeshavuka geti la kiwanda na kuingia ofisi zote.

Upande wa pili wa ukoo unatoka Ujerumani. Mwaka 1972 wahandisi watano waliacha kazi kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM wakaanzisha kampuni ya programu, SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya kemikali ya ICI, mjini Östringen. Wakati ule taarifa za biashara zilitobolewa kwenye kadi na kuchakatwa kwa mafungu, mara nyingi usiku, hivyo meneja alisoma leo habari za jana au za juzi. Hawa walitaka tarakimu ibadilike pale pale inapoandikwa. Programu zao maarufu, R/2 na baadaye R/3 ya mwaka 1992, zimebeba herufi R kwa sababu hiyo, ikisimamia maneno yenye maana ya "papo kwa papo".

Ili uone uzito wa daftari moja, fuata safari ya ununuzi mmoja. Afisa manunuzi anaandika LPO, yaani hati ya kuagizia mzigo, ya mifuko sita kwa bei waliyokubaliana. Lori likifika, mtunza stoo haandiki karatasi mpya. Anaifungua oda ile ile kwenye skrini na kuandika alichokihesabu kwa macho yake. Tuseme imefika mitano. Hapo hapo stoo inaongezeka mitano, na kwenye vitabu vya hesabu deni la msambazaji linajitokeza bila mhasibu kugusa kitu. Kesho yake inakuja ankara ya mifuko sita. Mfumo unaweka vitu vitatu pamoja: kilichoagizwa, kilichopokelewa, kinachodaiwa. Havilingani, kwa hiyo malipo yanazuiwa mpaka mtu mwenye mamlaka aseme neno. Kwenye ofisi ya makaratasi, mfuko ule wa sita hulipwa kimya kimya, na baada ya mwaka mzima huwa umeshajenga nyumba ya mtu. Ndiyo maana mara nyingine upinzani mkali dhidi ya ERP hautoki kwa wasiojua kompyuta. Unatoka kwa wanaoielewa vizuri sana.

Tofauti yake na programu ya uhasibu iko hapo pia. QuickBooks au Sage huandika kilichokwisha kutokea, kwa lugha ya fedha. ERP humfuata mfuko wa unga tangu haujaagizwa mpaka ukawa mkate uliolipiwa, na fedha inaandikwa kama kivuli cha safari hiyo. Mpaka wenyewe hauko wazi sana, nakiri. Programu ya Tally kutoka India, inayojulikana sana huku kwetu, iliwahi kuuzwa kwa jina la Tally.ERP 9, ingawa ofisi nyingi ziliinunua kwa ajili ya leja tu na hazikufungua kingine chochote humo.

Lakini mfumo huu huja na tabia zake. Waliouunda wameamua mapema jinsi biashara "inavyofanywa", na anayeununua ana njia mbili: abadili utaratibu wake ufuate mfumo, au alipe watu waubadili mfumo ufuate utaratibu wake. Njia ya pili huvutia, na ndiyo imezamisha wengi. Lidl, duka kubwa la Ujerumani lenye matawi maelfu Ulaya, lilianza mwaka 2011 mradi wa kuhamia SAP. Lidl walikuwa na desturi ya kuthamini mali ya stoo kwa bei ya kununulia. Mfumo ule kwa kawaida yake ulitumia bei ya kuuzia. Jambo dogo kulisikia. Hawakutaka kuacha desturi, wakaagiza mfumo ufumuliwe, na kila palipofumuliwa palitaka kushonwa upya pengine. Mwaka 2018 waliufunga mradi, na vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti kwamba ulikuwa umekula takriban euro milioni 500.

Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliponzwa na haraka. Mradi uliofaa kuchukua miaka 4 ulibanwa uwe miezi 30, ukawashwa Julai 1999, wakati maduka yanaagiza peremende za sikukuu ya Halloween ya mwisho wa Oktoba. Chokoleti ilikuwepo, wateja walikuwepo, ila mfumo haukuweza kuwakutanisha, na oda za takriban dola milioni 100 hazikupelekwa. Ni sawa na muuza tende kubadilisha mizani wiki moja kabla ya Ramadhani.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo ambayo mfumo wa kutoka nje hauyajui mpaka uufundishe. Tanzania, mauzo yanatakiwa yatoke na risiti ya EFD, mashine ya risiti ya mamlaka ya mapato, TRA. Kenya, ankara inapita eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato ya huko, KRA. Kama ERP haiongei na mifumo hiyo, karani ataandika mauzo mara mbili, na ule msingi wa "andika mara moja" umeshavunjika siku ya kwanza. Kuna mishahara na makato yake ya kila nchi. Kuna malipo ya simu: mteja analipa kwa namba ya mkewe, bila kutaja ankara, na mtu anakaa mpaka saa mbili usiku akibahatisha fedha ile ni ya nani. Ukimwuliza muuzaji wa mfumo maswali, anza na haya kabla hajakuonyesha michoro ya rangi. Serikalini nako mambo haya yamefika. Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao imeunda mfumo wake wa aina hii, ERMS, kwa ajili ya taasisi za umma.

Je, duka la watu watatu linauhitaji? Hapana. Kauntabuku moja likiwatosha wote, tayari mna daftari moja. Kwa kampuni za kati si lazima kununua majina makubwa. Odoo ya Ubelgiji ina toleo lisilo na ada ya leseni, na ERPNext ya India nayo ni programu huria. Leseni ya bure haina maana ya kazi ya bure, kwa sababu bado utamlipa mtu wa kuusimika, kuufundisha na kuutunza, na seva ya kuuweka.

Na kuna kazi moja ambayo mikataba huitaja kwa mstari mmoja tu, kisha ikala miezi. Kabla mfumo haujawashwa, orodha za zamani za bidhaa na wateja zinatakiwa zisafishwe. Kwenye orodha ya kile kiwanda cha mikate utakuta "Unga wa ngano 50kg", chini yake "UNGA NG. 50", na ukurasa wa tatu "unga mweupe (mfuko)". Kompyuta inaona bidhaa tatu. Mtu mmoja tu ndiye anayejua kwamba ni mfuko ule ule, na mara nyingi ni yule mtunza stoo wa kauntabuku, ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote cha mradi.